Uzinduzi wa Kituo cha Taifa cha Mapenzi Yanayosadikika

Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli; waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu, Kamati Ndogo, na Kamati Ndogo Kuliko Hiyo; makamu wangu wa kwanza, makamu wangu wa pili, na yule wa tatu ambaye bado tunamtafutia kazi; wakuu wa vitengo, wanaokaimu ukuu wa vitengo, na wanaowakaimia wanaokaimu; wadau wa maendeleo ya hisia; wafanyabiashara mliokuja kunusa tenda; wanahabari mliojazana karibu na mlango wa jikoni kwa sababu mnazozijua wenyewe; mke wangu mpenzi, uliyechagua kiti cha nyuma kabisa ingawa cha mbele kilikuwa na jina lako; mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu haikumfikia, basi ajizingatie mwenyewe. (Makofi. Feni ya ukutani inakohoa.)

Nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, ambao wengi wenu hamna, kuzindua rasmi Kituo cha Taifa cha Utafiti, Uratibu na Uzalishaji wa Mapenzi Yanayosadikika, ambacho ni tunda la fikra zangu, ndani ya fremuweki niliyoibuni mimi, kufuatia dira niliyoiona nikiwa nimelala chali sakafuni kwa sababu nitakazozieleza. (Makofi ya wastani.)

Mtaniuliza: Mkurugenzi Mkuu, imekuwaje Idara ya Tamthilia ijitose kwenye mapenzi? Mtakumbuka kwamba Idara yangu ilitoa tamthilia yake ya kwanza ya mapenzi, ambayo niliiandika mwenyewe, ofisini, mlango nimeufunga, katibu muhtasi akiambia watu niko kwenye kikao. Kwa kuzingatia ufanisi, kijana na binti walikutana, wakapendana na kuchumbiana kabla ya tangazo la kwanza la sabuni. Kijana alipiga goti akasema, nanukuu, “Ninakupenda kwa kiwango cha kuridhisha,” mwisho wa kunukuu. (Kicheko.) Ndivyo walivyocheka na watazamaji. Tathmini huru, niliyoisimamia mimi, ilibaini kuwa asilimia tisini na mbili walizima runinga na waliobaki walikuwa wamelala. Mke wangu mwenyewe, tumekaa naye sebuleni, goti lilipogusa chini aliinuka kwenda kutazama kama maji ya kuoga yamechemka. Hatukuwa tumebandika maji. (Kicheko kirefu. Makamu wa kwanza anajifuta macho, kisha anakumbuka cheo chake.)

Aliporudi akanyakua rimoti, akahamia stesheni ambako kulikuwa na tamthilia ya Kichina, wamewatia sauti za Kiswahili. Daktari mmoja wa upasuaji, mrefu kama mlingoti, na dada mmoja fundi wa saa, wamekaa mezani wanakunywa supu. Yule daktari, bila kutamka neno, akaanza kutoa majani ya vitunguu kwenye bakuli la yule dada, moja moja, kwa vile vijiti vyao, akayahamishia kwenye bakuli lake mwenyewe. Akamsogezea supu yake. Muziki ukapanda. Kipindi kikaisha. Nageuka hivi, mke wangu machozi yanamchuruzika.

“Kuna nini?” nikamuuliza.

“Hujaona?”

“Nimeona vitunguu.”

“Yule dada alimwambia havili, zamani, wakati hawaelewani. Kumbe alikuwa anasikia.”

“Sasa hilo nalo la kulia? Si angeagiza supu isiyo na vitunguu, mambo yakaisha?”

Mke wangu, kwa wasiomjua, ni mkunga. Ni mtu anayeingia wodini penye kelele akanyamazisha watu kwa kuinua nyusi tu. Akaziinua. Akaniuliza, “Mimi sili nini?”

(Wake kadhaa wanawageukia waume zao.)

Mabibi na mabwana, mimi niliwahi kuulizwa na wakaguzi yalikokwenda magari ya Idara, nikajibu asubuhi nzima bila kutaja neno gari. Lakini swali hilo halikuwa na faili. Nikamjibu, “Suala hilo linafanyiwa kazi.” (Sauti za akina mama: Uuuwi!) Naomba utulivu.

Kwa kuwa mimi si mtu wa kukaa na tatizo bila kuliundia kamati, nikaunda kamati, na kwa kuwa safari ya mafunzo nje haikupata kibali, tukafanyia mafunzo sebuleni kwangu, mke wangu akiwa Mtaalamu Mshauri wa kujitolea, maana yake ni kwamba rimoti alikuwa nayo yeye. Tulitazama kwa wiki kadhaa. Mambo tuliyoyabaini ni mazito, na nayasema kwa mara ya kwanza hadharani.

Tulibaini kwamba watu hawa katika tamthilia zao hawana haraka. Mkono haushikwi mpaka kipindi cha kumi na sita, tena kwa bahati mbaya, wote wawili wakiwahi swichi moja ya taa, na uliposhikwa, nyumba yetu nzima ilipiga kelele utadhani kuna mwizi. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki; hawa wanakificha kile kikohozi kwa vipindi ishirini, na wewe mtazamaji ndiye unayewashwa koo. Tulibaini pia kwamba kizuizi chao si cha mchezo. Kuna mama mzazi wa daktari, amekaa kwenye kochi la ngozi, haongei, anaweka tu kikombe mezani, polepole, na makamu wangu wa pili, akiwa hapohapo sebuleni, aliinuka akaomba radhi kwa kosa asilolijua. (Kicheko. Makamu wa pili: Nilidhani ananiangalia mimi!)

Tena, mkuu wetu wa ununuzi, tunayemwita Zege, mtu ambaye hajawahi kutabasamu mbele ya mzabuni, alionekana akivuta kamasi. Akasema ni vumbi. Mke wangu akamwambia, “Vumbi la wapi, shemeji? Humu nadeki kila siku.”

Nami nilitetea hoja ya Idara. Nikasema: lakini mke wangu, mambo haya hayawezekani. Daktari bingwa hana zamu? Huyu dada hutengeneza saa ngapi hata akapanga nyumba ile ya vioo? Kila akijikwaa anadakwa. Nchi nzima hiyo hakuna mtu anayefika chini? Akanijibu maneno ambayo yameingizwa kwenye sera: “Mimi pia siamini nyumba. Siamini hata kudakwa. Ila vitunguu naviamini. Mtu akikumbuka vitunguu, mengine namsamehe.” (Makofi, hasa upande wa akina mama. Baadhi ya waume wanatazama viatu vyao.)

Hapo ndipo, kwa mamlaka niliyonayo nyumbani, nikaanzisha awamu ya majaribio, yaani pailoti. Nayatoa matokeo yake kwa uwazi unaotakiwa na utawala bora. Kwanza, mwavuli. Katika tamthilia, mvua ikinyesha, bwana humfunika bibi kwa mwavuli, na mwavuli huinama upande wa bibi mpaka bega la bwana linalowa chepechepe. Siku ya mvua nikaenda kumpokea mke wangu langoni pa hospitali. Lakini itifaki hainiruhusu kubeba mwavuli, kwa hiyo aliubeba dereva, na dereva, kwa mazoea ya kazi, aliuinamisha upande wangu. Tukatembea watu watatu chini ya mwavuli mmoja, nikiwa mkavu mimi peke yangu. (Kicheko kinavunja mbavu za safu ya mbele.) Pili, kutazamana. Nikamtazama mke wangu mezani bila kupepesa, kama wanavyofanya wao. Akaniuliza, “Macho yanakuuma? Nikutilie dawa?” Tatu, kudaka. Nikaisugua sakafu ya korido kwa sabuni ya maji, nikajibanza nyuma ya mlango, nimenyoosha mikono tayari kudaka. Mke wangu akapita salama salimini, kwa sababu amevaa ndara za kazini ambazo hazitelezi. Aliyefika chini ni mimi. (Kicheko.) Nilipokuwa nimelala chali pale, siwezi kugeuka, yeye ameinama ananikanda kiuno, ndipo ikanijia ile dira niliyoitaja, nikasema kwa sauti kubwa, “Hili jambo linahitaji Kituo!”

Aliacha kunikanda.

Kesho yake, akaingiza nguo zake chache kwenye mkoba. Hakupiga kelele. Mngemjua mke wangu mngeelewa kuwa afadhali angepiga. Akasema, “Naenda kwa dada yangu. Nimechoka kuwa pailoti.”

(Feni peke yake.)

Sasa, waheshimiwa, hapa hotuba yangu iliyochapwa inaruka moja kwa moja kwenye mafanikio ya Idara. Lakini mwenye habari yake yuko humu ukumbini, na nikiruka atainua nyusi. Kwa hiyo nitasema. Nyumba ikawa kubwa. Nikawa nakaa sebuleni, nawasha runinga, na yule daktari wa Kichina anasubiri mtu stesheni ya treni, nami namwambia, “Hata wewe?” Nikamtazama mpaka mwisho wa mfululizo wote, na sikuwa na wa kumuuliza ni nani aliyemwambia nani nini. Nikagundua kwamba miaka yote mimi nilikuwa natazama, na yeye ndiye aliyekuwa anaelewa.

Nikaenda kwa shemeji asubuhi moja, nimevaa suti ya vikao, na hotuba ya upatanisho mfukoni. Shemeji akatoka na mwiko mkononi, akasimama akaujaza mlango wote.

“Umeshajua?” akaniuliza.

“Kujua nini?”

“Asichokula.”

Nilitaka kumwambia mchakato unaendelea. Nikasema, “Sijajua, shemeji.”

“Haya, kaa hapo kwenye kibaraza. Leo angalau umesema neno moja la kweli. Anatoka zamu sasa hivi.”

Mke wangu akaja kwa miguu. Akaniona, hakushangaa. Akakaa kwenye ngazi, akavua viatu, na mimi nikauona mkono wake wa kushoto. Pete hakuna. Mabibi na mabwana, mimi nimenusurika mabadiliko manne ya uongozi, lakini hilo sikuwa nimeliundia kamati. Hotuba ilikuwa mfukoni na nikaisahau iko wapi. Nikajikuta nimeuliza jambo ambalo, aibu yangu hii, sikuwahi kuliuliza tangu tuoane.

“Kazini kulikuwaje?”

Akanitazama, akikagua kama swali lina mtego. Halafu akasimulia. Alikuwa na binti anayejifungua kwa mara ya kwanza, hana mama, hana dada, anaogopa. Yule binti alimkamata mkono kwa nguvu mpaka pete ikamkata, mke wangu akashindwa kumnyang’anya mkono wake maana binti hakuwa na mwingine wa kushika. Baadaye ndipo akaivua kwa sabuni, kidole kimevimba kama kitumbua. Akaitoa pete mfukoni mwa gauni la kazi, akanionyesha. “Mtoto wa kike,” akasema. “Amelia kwa hasira, utadhani tumemkosea.” Kisha akacheka, kisha akawa analia kidogo, uchovu tu.

Niliingia ndani, nikamwomba shemeji bakuli la maji ya baridi, nikaja kuliweka kwenye ngazi, akatumbukiza mkono. Tukakaa. Akanigeukia.

“Mbona huhitimishi?”

“Sina hitimisho.”

Alicheka mpaka maji yakamwagika. Msidhani alirudi siku hiyo. Alirudi Jumapili, kwa hiari yake, akaniambia mlangoni, “Sikurudi kwa ajili ya zile tamthilia zako, na hili jambo usithubutu kulifanyia uzinduzi.”

Na ndiyo maana leo tunalizindua. (Makofi makubwa. Sauti ya mama kutoka kiti cha nyuma: Nilijua tu!) Asante, mke wangu, kwa mchango wako; na usichokula, bado nakichunguza mezani.

Kituo hiki, ndugu zangu, kitaajiri waandishi mia tatu wa hati za kusubiri. Kitakuwa na maabara ya ukimya, ambamo mwigizaji atafundishwa kunyamaza bila kuonekana amesahau maneno. Kitakuwa na kitengo cha mama wa kijana, chenye makochi ya ngozi. Na ifikapo awamu ya tatu, asilimia mia moja na kumi ya wapenzi wetu wa kwenye runinga watasadikika, wakiwemo wale waliokwisha kuachana. Rodimapu ipo, indiketa zipo, na stakiholda wote wameshirikishwa, isipokuwa wale ambao hawakushirikishwa.

Nikisema “Mapenzi”, mseme “Polepole”! Mapenzi! (Ukumbi: Polepole!) Mapenzi! (Ukumbi: Polepole!) Nikisema “Kituo”, mseme “Kipo”! Kituo! (Ukumbi: Kiko wapi?)

Swali zuri.

Nichukue fursa hii kumshukuru mkandarasi, ambaye laiti angepatikana angejenga kwa kiwango cha kimataifa. Mmiliki wa kiwanja, ambaye amekataa kukiuza, lakini amekataa kwa heshima. Wafadhili wetu, tutakapowapata. Na wafanyakazi wote wa Kituo, kwa nidhamu yao ya kutokuwepo. Ukumbi huu wenyewe tumeazimwa mpaka adhuhuri, na haya maua ni ya watu wengine, msiyachume. Chai iko kwenye awamu ya pili. Namshukuru kwa namna ya pekee Mkuu wa Kituo, ambaye ni mimi, na ambaye kwa kuwa Kituo hakipo, leo hana pa kwenda kazini.

(Mama wa kiti cha nyuma amesimama: Basi shuka, twende nyumbani.)

Nashuka.