Mchuzi wa Mama Ubaoni

Jumanne, 1 Novemba. Miaka saba na siku kumi na nane tangu niondoke nyumbani, Thyborøn.

Mvua. Mgongo unauma. Nimemenya ndoo tatu za viazi kabla ya saa nne, kisha barua ya kaka yangu Kresten ikafika. Anakuja Kopenhagen! Tarehe kumi, jioni ya Mtakatifu Morten ambapo nchi nzima hula bata, aje kula wake kwenye mgahawa wetu. Anasema anataka kuuona ule ubao wa vyakula kwa macho yake.

Ubao! Nilijifunga kamba mwenyewe. Siku ya matanga ya Mama, mbele ya ukoo mzima, Kresten alionja mchuzi niliopika akasema, "Bwana mdogo, huu mpelekee paka, na umwombe radhi." Watu walicheka mpaka mchungaji akakohoa. Nikaapa sitakanyaga nyumbani mpaka mchuzi wa kahawia wa Mama, uliopikwa kwa mkono wangu, uandikwe kwenye ubao wa mgahawa. Mwaka jana nilichoka kungoja. Nikamwandikia kwamba umeshaandikwa.

Haujaandikwa. Mimi ni mwosha vyombo. Ubaoni pameandikwa "Nguruwe wa kuoka kwa mchuzi wa Vibeke", na ndivyo palivyo tangu kabla sijafika. Vibeke ndiye mpishi. Ana goti bovu na mdomo mzima.

Nina siku tisa.

Shule niliacha darasa la saba, lakini mchuzi hausomi. Unataka ukoko tu. Ule weusi unaogandia chini ya sinia nyama ikiokwa, pamoja na mafuta yake. Ukiukwangua na kuuyeyusha kwa maji ya viazi, umepata mchuzi. Ukiukosa, umepata uji. Mama aliuhifadhi kwenye chupa za jamu na kuzificha nyuma ya sabuni, sisi watoto tusizipate. Siku ya matanga nilikuwa na haraka, ukoko nikausahau. Mara moja tu! Na mtu anakumbushwa miaka saba.

Alhamisi, 3 Novemba

Hila ya kwanza. Nimefika saa kumi na mbili alfajiri. Nimekwangua sinia la nguruwe la jana kabla ya kuliosha, nikapika mchuzi wa Mama. Mungu wangu! Nilisimama jikoni peke yangu nikilia kama mjinga. Vibeke alipotoka kuvuta sigara, nikamwaga wake kwenye ndoo na kutia wangu sufuriani.

Mpango: wazee wa meza ya dirishani wale, washangilie, nami nijitokeze nikiwa nimevua aproni.

Walishangilia kweli. Mzee Aksel, aliyekuwa fundi wa kufuli, hula hapa kila siku na hajawahi kusema zaidi ya "asante kwa chakula". Leo alifuta sahani kwa kiazi cha mwisho, akasimama na kumwita Vibeke. Akamwambia leo amejipita, na kama si goti lake angemchumbia. Meza nzima ikapiga makofi.

Nikajitokeza. Nikasema mchuzi ni wangu.

Kicheko! Mzee Aksel alisema utani nao una kipimo chake, na kwamba glasi yake ina alama ya mdomo, nikaioshe tena. Nimeiosha. Vibeke hakucheka. Alichovya kidole sufuriani, akalamba, akanitazama muda mrefu. Bila shaka alikuwa akipanga kuniibia siri. Mwizi!

Ijumaa, 4 Novemba

Hila ya pili. Nyama ilipotoka tu kwenye jiko, nikalinyakua sinia na kulizamisha kwenye sabuni. Ukoko wote ukateremka bombani. Vibeke akauliza nimefanya nini. Nikasema nimeliona chafu. Akasema, "We Ejnar, siku mia huoni glasi chafu, leo umeona sinia?"

Nilingoja aibike mbele ya wateja. Akafungua friza, akatoa kopo la ukoko la akiba. Kwa dharau, bila hata kuharakisha! Anayo makopo manane mle ndani, kila moja limeandikwa tarehe. Mchuzi ulitoka saa sita kamili kama kawaida.

Nimevunja sahani mbili. Moja kwa bahati mbaya.

Jumatatu, 7 Novemba

Mgahawa hufungwa Jumatatu. Mimi huja kusugua sakafu. Leo nimefungua friza na kutupa makopo yote manane. Bosi wetu Torkild alishuka zile ngazi sita za kutoka barabarani, maana mgahawa uko chini, akiwa na gazeti, akauliza nini hicho kwenye mfuko wa taka. Nikamwambia nasafisha friza, kuna vitu vya zamani. Akasema hicho ndicho anachokipenda kwangu, naona kazi bila kuambiwa.

Sasa Vibeke hana akiba. Sinia moja tu likiingia kwenye sabuni, amekwisha. Hila hii haina mwanya.

Jumatano, 9 Novemba

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Asubuhi nilishindwa kula. Kresten kesho! Nikajikuta namwambia Vibeke kila kitu, matanga, paka, kiapo, barua ya uongo. Makopo sikuyataja. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa na maneno makali matatu nimeyapanga.

Yule mwanamke akacheka mpaka akashika meza. Akasema Alhamisi ile alijua kabisa mchuzi ni wangu, na hajaonja mzuri kama ule tangu bibi yake afe. "Sasa kwa nini hukuniomba, baba? Miaka saba unanuna tu hapo kwenye karo! Mimi goti linaniua. Kesho pika wewe, mimi nikae mezani niletewe kama mke wa meya."

Kuomba! Kumbe ingetosha kuomba! Hata nafasi ya kushinda ameninyima. Nimerudi kwenye viazi.

Jioni Torkild alipanda na chaki mpaka kwenye ubao ulioko barabarani. Akaandika: "Bata wa Morten kwa mchuzi wa mama yake Ejnar." Nimetoka mara tano kuusoma. Mara ya sita nilijifanya natupa taka.

Alhamisi, 10 Novemba. Jioni ya Mtakatifu Morten

Niandike haraka kabla sijalichana daftari hili.

Bata kumi na wanne, masinia matatu. Viazi vya sukari ya kahawia. Kabichi nyekundu. Viti vyote vimejaa, mishumaa kila meza. Vibeke mezani, mguu juu ya kiti, amepaka rangi ya mdomo. Saa kumi na moja Kresten akafika kutoka stesheni, koti limelowa. Kupitia dirishani nilimwona akisimama mbele ya ubao. Akausoma. Akavua kofia! Kaka yangu, ambaye hakuvua kofia hata mfalme alipopita bandarini.

Akashuka mpaka mlango wa jikoni. Akasema, "Kumbe hukudanganya, bwana mdogo." Macho yake yalikuwa mekundu. Upepo labda.

Ilikuwa saa yangu. Nikatoa bata mmoja mmoja, ngozi zinapasuka kwa ukavu, nikawapanga kwenye sahani kubwa. Huku namweleza Kresten namna Mama alivyokuwa akikwangua kwa kijiko cha mti, kutoka pembeni kuja katikati. Naeleza, naeleza, na mikono inafanya kazi. Mikono hii! Miaka saba sinia likibaki tupu, mkono wa kushoto hulisukuma kwenye karo, wa kulia hufungua maji ya moto na kumwaga sabuni. Haikuniuliza.

Nilishtuka niliposikia Vibeke anapiga kelele kutoka mezani kwamba masinia! Masinia! Nikatazama chini. Yote matatu. Meupe. Yananukia ndimu.

Kresten akatazama masinia, akanitazama, akaenda kukaa.

Vibeke akachechemea mpaka jikoni na kusema tulia, akiba ipo. Akafungua friza. Akasimama pale, mvuke wa baridi unampanda usoni. Akauliza kwa upole makopo yako wapi. Nilimjibu kwamba mtu anayeandika tarehe bila kuandika "usitupe" ana lawama yake.

Nikapika kwa unga, siagi, maji na ile rangi ya chupa ya sukari iliyounguzwa. Ukawa na rangi ya mtaro na ladha ya bahasha.

Wakaula! Wote! Hakuna aliyenung'unika. Watu wa hapa hata ukiwapa soli ya kiatu watakula na kusema asante kwa chakula. Mzee Aksel alisema viazi vilikuwa vya moto sana. Vya moto! Ndilo neno pekee alilolipata. Kresten alisogeza mchuzi pembeni ya sahani kwa kisu, taratibu, kama mtu anayemhamisha konokono. Kisha akaomba haradali.

Haradali kwa bata!

Torkild akapanda na kitambaa kibichi. Sasa ubao unasema "Bata wa Morten", basi. Nafasi iliyobaki imelowa.

Ijumaa, 11 Novemba

Kresten ameondoka kwa treni ya alfajiri bila kuaga. Nimekuta amepita hapa na kuniachia kifurushi juu ya karo. Nikafungua gazeti. Chupa ya jamu! Chafu! Chini nyeusi, juu mafuta meupe yameganda. Yaani amekula safarini, akaona chombo kichafu kinamstahili mdogo wake. Matusi ya mwisho hayo! Mimi nitamwonyesha. Nimeilowesha, nimeisugua kwa brashi, nimeisuuza mara mbili kwa maji ya moto. Inang'aa kama jicho.

Halafu ndipo nikaona karatasi ndani ya gazeti. Mwandiko wa Kresten, mkubwa, umeinama.

"Ejnar. Huu ni ukoko wa bata wa mwisho aliyeokwa na Mama. Nimeutunza kwenye friza miaka saba, nikingoja uje. Nilitaka uutumie jana, ila uliniambia unajua. Ubao uwe na mchuzi, usiwe na mchuzi, njoo nyumbani. Kitanda chako kipo. Uuchemshe kwa moto mdogo."

Nilikaa juu ya ndoo ya viazi. Vibeke akaja, akasoma, akatazama chupa, akatazama brashi. Akaniwekea kahawa, akaenda kuwasha jiko.

Nimekaa nimefikiri, na ukweli lazima usemwe. Kosa ni la Kresten. Nani anafunga barua ndani na chupa juu? Mtu mwenye akili angebandika karatasi kwenye kifuniko.

Lakini nina hila. Jumamosi Vibeke anaoka bata watano wabichi waliobaki. Yeye akitoka kuvuta sigara, nitakwangua sinia na kujaza chupa, nitamwaga mafuta juu, nitaigandisha mpaka ionekane ya miaka saba. Nitaipeleka nyumbani kwa mikono miwili, niseme sikuweza kuugusa kwa heshima ya Mama. Kresten ataamini. Atalia. Safari hii hakuna mwanya hata wa sindano.

Chupa ninayo tayari, tena safi. Narudi Thyborøn Pasaka. Ikichelewa sana, Pentekoste.