Manowari Haizamishwi

Jumatatu, 4 Machi
Nina miaka themanini na minne. Nimewazika makapteni wangu watatu, daktari aliyenikataza chumvi, na meno yote isipokuwa mawili ambayo hayakutani. Vita vimekwisha, mimi bado. Shule niliishia pale mwalimu alipochoka. Lakini naandika, maana nikiwaachia wengine wataandika uongo.

Kilichobaki kingine ni manowari yetu. Boti ya doria, ya mbao, imekaa juu ya magogo nyuma ya gati miaka na miaka, jua linaila. Mkuu wa gati kaitundikia kibao: MBAO CHAKAVU. Leo kaniita ofisini. Akaniamkia vizuri, akanipa kiti chenye mto, halafu akanichinja. Nafasi inatakiwa. Jumamosi boti iwe inaelea, au ipigwe msumeno. Nikamwambia Jumatano itaelea. Sijui kwa nini nilisema Jumatano. Mdomo wangu una mbio kuliko magoti.

Jumanne, 5 Machi
Nimeizunguka boti. Nimepumzika. Nimeizunguka tena. Mbao zimekauka, mianya inapitisha kidole. Ukiwa ndani unamwona mtu anayepita nje, na shati lake.

Aliyekuwa anapita ni shemeji, kaka wa mke wangu. Hajaitwa. Wakati wa vita tulikuwa wote ndani ya boti hii. Mimi mpiga mzinga. Yeye anasema nilikuwa msafisha mzinga. Mzinga mchafu haupigi, kwa hiyo ni kazi ileile. Yeye alikuwa mtu wa pampu. Ndiyo maana kichwani hana jambo ila maji.

Kaugonga ubao, kausikiliza, kasema una kiu. Eti tuishushe kwenye maji mafupi, tuizamishe makusudi, ilale chini siku kadhaa. Mbao zinywe, zivimbe, zibanane zenyewe. Tuizamishe! Adui na mizinga yake alishindwa, sasa tumsaidie? Nikamwambia manowari haizamishwi na mwenyewe. Akasema basi itazama bila ruhusa yako. Tukanuniana. Uzee kitu kibaya, ukinuna na mgongo nao unanuna.

Akili yangu lakini haizeeki. Fundi mwashi anajenga choo cha gati. Nimemwomba saruji. Saruji inashikilia maghorofa, itashindwa boti? Nimeziba kila mwanya mpaka mikono ikawa kama ya sanamu. Mke wangu kaleta chai, kaangalia sana. Akasema, "Mume wangu, umeipiga lipu." Nikamjibu ndiyo, vizuri eh? Akaondoka na chai yake.

Jumatano, 6 Machi
Trekta limeishusha. Mimi ndani, kofia kichwani. Ikaelea! Nikapiga saluti. Kabla mkono haujashuka, saruji ikaanza kubanduka, kipande baada ya kipande, kama kidonda kinachobanduka kigaga. Boti ikakaa chini polepole kama bibi anayetafuta kiti kwa makalio. Maji yakanifika kifuani. Nikakataa kutoka. Nahodha hatoki.

Shemeji kaingia majini na suruali yake nzuri. Hakucheka. Afadhali angecheka. Akaninyooshea mkono, akasema, "Toka, shemeji. Utapata kichomi."

Nikatoka. Ni kwa sababu ya kofia, ilikuwa inalowa.

Mkuu wa gati kasema ibaki hapohapo chini, Jumamosi itavutwa ikakatwe.

Alhamisi, 7 Machi
Kitandani. Kifua kinapiga filimbi. Mke wangu ananichua mafuta kama anayesugua sufuria iliyoungua.

Ijumaa, 8 Machi
Hila mpya. Kaburi la askari haliguswi. Nimejikokota gatini, nimekigeuza kile kibao, nimeandika kwa rangi nyekundu KABULI LA VITA, nimekisimamisha mbele ya boti. Mkuu wa gati kaja, kaniamkia, kauliza ni kaburi la nani. Nikasema langu, naliwahi. Akatoa chaki, akageuza L ikawa R, akaniambia msumeno uko palepale, babu.

Nimechoka. Nasema humu tu. Ikikatwa hii boti, hakuna kitu duniani kitakachonijua nilivyokuwa kijana, ila shemeji. Naye ananijua vibaya.

Jumamosi, 9 Machi
Walitaka wayatoe maji kwanza ndipo trekta liweze kuivuta. Pampu aliishika shemeji, hakumwachia mtu. Maji yakatoka, yakatoka. Mwenye msumeno kakaa pembeni anakula karanga. Ikainuka. Tukangoja maji yarudi. Hayakurudi. Nikapitisha kidole kwenye mianya: hakuna mianya! Mbao zimekumbatiana, saruji yote zimeitema.

Mpaka jua linazama boti iko juu. Mkuu wa gati kaivua kofia, kasema neno lake ni neno, boti haikatwi, atatutafutia pa kuifunga. Mwenye msumeno kakung'uta maganda, kaenda zake.

Nikawaeleza wote kwamba Jumatano niliizamisha makusudi, ili mbao zinywe. Ni ujuzi wa wapiga mizinga.

Shemeji kaizima pampu. Akasema, "Wewe shemeji, hata maji yakikuokoa utasema umeyaokoa wewe."

Nikamwambia aongee na pampu yake. Macho yake yalikuwa mekundu. Yangu yaliingia moshi.

Jumapili, 10 Machi
Sasa injini. Shemeji anasema mafuta yaliyomo yamekuwa lami, tuyamwage tutie mapya kabla ya kuiwasha. Hajui kitu. Mafuta yaliyoona vita yanajua njia. Kesho naiwasha hivyohivyo. Nimeshamwalika mkuu wa gati, na nimemwambia aje na familia.

Asiyesadiki haya akamuulize mke wangu, au mkuu wa gati, au fundi mwashi. Shemeji aulizwe mwisho, na asipewe muda.