Skripti Inayodai Shikamoo

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeamka na hasira. Mimi, Ponsiano, mwalimu wa hisabati hapa Mbwawa, ndiye mtunzaji wa skripti za kundi letu. Ni vijiprogramu tunavyotunga wenyewe walimu wa Kibaha na Kisarawe na kuvipachika kwenye programu ya matokeo: kimoja kinapanga nafasi za wanafunzi, kingine kinachapa ripoti za wazazi. Nikibadilisha kwangu, vinabadilika kwa wote. Kazi ya heshima! Ila heshima yenyewe siioni. Leo Nuria, mwalimu wa kule Kurui, kaandika kundini kwamba skripti ya nafasi ilikuwa na kasoro na ameshairekebisha. Wakammiminia makofi. Hata Godbless, niliyemfundisha mwenyewe kuwasha kompyuta! Mara mtu akauliza kwa nini Nuria asiwe mtunzaji. Kura Ijumaa.

Jumanne, 3 Juni

Dawa yao nimeipata. Toleo jipya la skripti ya ripoti! Ukitaka kuchapa, kinatokea kisanduku: andika "Shikamoo Mwalimu Ponsiano". Ukiandika, inakujibu marahaba. Usipoandika, huchapi. Na si mara moja. Kila ripoti na shikamoo yake. Mtu aliyekuamkia wiki nzima atakunyimaje kura? Nuria hutuhimiza tujaribu kwanza kwenye nakala na tuhifadhi toleo la zamani. Woga tu. Nimefuta la zamani, nimetuma jipya.

Jumatano, 4 Juni

Kazi inakwenda. Godbless kapiga simu kulalamika kwamba kanizidi umri. Nimemweleza kwamba hii ni shikamoo ya cheo. Kaguna, kakata simu. Baadaye nikasikia ripoti za darasa lake zote zimetoka. Zote! Kwa furaha nimeongeza chapati kwenye chai.

Alhamisi, 5 Juni

Balaa! Kikao cha wazazi leo, na Mwalimu Mkuu, Mama Laurensia, huchapa ripoti kwa mkono wake. Nilikuwa nalijua hilo. Limenitoka tu. Nikaitwa ofisini. Namkuta Mama kashika kiuno, na mzee Mashaka, mwenyekiti wa kamati ya shule, kavaa miwani anasoma kwenye skrini. Kumbe Mama aliandika "Hujambo mwanangu", kompyuta ikamjibu "Adabu kwanza". Jamani, hiyo niliiweka kwa ajili ya Godbless!

Akaniuliza kwa upole kama ni mimi. Nikasema ni mtandao. Mzee Mashaka akasema mtandao huo una jina langu. Nikamwomba Mama aandike tu, Mungu anajua hamaanishi. Heri ningenyamaza. Akasema amemfundisha mama yangu kusoma, na hajafikia kumwamkia mtoto wake.

Ikabidi nikae niandike mwenyewe. Shikamoo Mwalimu Ponsiano. Marahaba. Ripoti moja. Shikamoo Mwalimu Ponsiano. Marahaba. Ripoti ya pili. Wazazi wamejaa dirishani, mzee Mashaka anafuta machozi kwa kucheka, mimi najiamkia na kujiitikia. Darasa la nne peke yake halikuisha. Mama akampigia simu Nuria. Kumbe Nuria alikuwa amehifadhi toleo la zamani. Akalituma, na ripoti zikatoka mfululizo kabla wazazi hawajaanza kuondoka.

Ijumaa, 6 Juni

Kura zimepigwa. Nuria kashinda. Upande wangu nilikuwa mimi peke yangu. Godbless kampongeza kwa herufi kubwa. Nuria kaniandikia pembeni kwamba niendelee tu kuleta skripti, ila yeye atazijaribu kwanza. Yaani mimi nijaribiwe! Lakini kilichoniuma si hicho. Asubuhi nilimwamkia Mama Laurensia getini. Hakuitikia. Nikarudia kwa sauti, akapita. Nimelia kidogo, na sioni aibu kuandika.

Jumapili, 8 Juni

Nimetafakari misa nzima, na kosa nimeliona. Skripti haikuuliza umri! Toleo jipya linamtaka mtumiaji ataje umri wake kwanza. Aliyenizidi, kompyuta ndiyo itakayomwamkia, kwa jina langu. Adabu tupu. Sikuona haja ya kumsumbua Nuria na majaribio. Nimepita shuleni nikaliweka moja kwa moja kwenye kompyuta ya ofisi, lianze kazi inapowashwa tu. Kesho Mama Laurensia akiiwasha, ataulizwa ana miaka mingapi, na haitafunguka mpaka aseme ukweli. Atafurahi sana.