Godson na Jua la Makere

Kwa kauli yake mwenyewe, Godson ndiye dereva pekee Kasulu nzima anayeweza kukodoleana macho na jua mpaka jua lione aibu. Jioni hiyo alikuwa ndani ya Probox ya kuazima, kavaa suti ya kuazima, pamoja na shangazi yake Josepha, ambaye hakuazimwa. Walikuwa wanakwenda Makere kumposa Careen.

Jua la saa kumi na mbili lilikuwa limeketi katikati ya barabara. Vumbi la kutwa lilikuwa limejaa kioo cha mbele, na mwanga ulipokipiga kikawa cheupe kama uji.

"Simama tufute kioo, jua lizame kidogo," shangazi alisema.

"Tulia, shangazi! Barabara hii naijua kwa harufu!"

"Basi punguza mwendo."

Akaongeza.

Walipokaribia nyumbani kwa kina Careen, vivuli viwili vikaanza kurukaruka mbele yao, mikono juu.

"Umeona? Wakwe wananipokea!" Akapiga honi ndefu, akatoa mkono dirishani, akapunga kwa madaha.

Chini ya gari kukasikika kwa! kwa! kwa! Kivuli kimoja kikajitupa mtaroni.

"Umeua mtu, Godson!"

Akafunga breki. Jamani, hata kitasa cha mlango kilimshinda. Mtaroni akaibuka Mama Evaline, mama mzazi wa Careen, mzima wa afya, majani kichwani, ungo mkononi. Kivuli cha pili kilikuwa Careen mwenyewe, mikono bado juu. Nyuma ya gari, makopa yake ya muhogo aliyoyaanika ukingoni mwa lami yalikuwa yamegeuka unga wenye alama za tairi.

"Sikukuona, mama," Godson alisema kwa sauti nyembamba. "Jua..."

"Mimi nilikuona. Ulikuwa unanipungia."

Posa haikukataliwa, na hilo ndilo lililomtisha Godson. Mama Evaline alizoa ule unga, akauchekecha mara moja tu, akaingia jikoni.

Wageni wakaketi, maji ya kunawa yakapita. Sahani ya Godson ilikuja na mlima wa ugali. Tonge la kwanza likakwaruza meno: krrr! Sebule nzima ikamsikiliza akitafuna mchanga. Shangazi Josepha alisema ameshiba safari.

"Na jibu letu, mama?" shangazi akauliza kwa upole.

"Amalize kwanza," Mama Evaline alisema. "Unga ameusaga mwenyewe."

Careen akamwongezea.