Sukari ya Mungu wa Jikoni

Jumatatu, 13 Januari
Mkaguzi Luo anakuja keshokutwa kutazama tunavyofundisha mila za sikukuu. Atakayemkosha ndiye mkuu wa idara! Miaka yote meza yangu iko jirani na choo, na Shen Guizhen yuko dirishani na maua yake. Yeye atafundisha kukata mapambo ya karatasi nyekundu. Karatasi! Mimi nitafundisha kumuaga Mungu wa Jikoni. Kila mwisho wa mwaka anapanda mbinguni kuripoti mambo ya nyumbani, nasi tunampaka sukari ya kunata mdomoni aseme matamu tu. Na mkaguzi naye si mtoa ripoti? Qu Bolin, akili unazo!

Jumanne, 14 Januari
Nimechemsha sukari mwenyewe. Ya dukani hainati vya kutosha. Mke wangu kauliza mwiko wake utabanduka lini kwenye sufuria. Nikamwambia atakuwa mke wa mkuu wa idara. Akasema yeye anataka mwiko.

Jumatano, 15 Januari
Somo lilinoga! Watoto walibandika picha ya Mungu wa Jikoni, wakampaka mdomo, wakajipaka na wao. Kasoro moja: Miaomiao wa dawati la mbele kadai bibi yake anasema sukari ile si ya kutia maneno utamu, ni ya kumgandisha mdomo asiseme kabisa. Nikamwambia bibi abaki na yake. Nikampa mkaguzi bonge zima. Akatafuna. Akatabasamu. Akaacha kutafuna.

Kikaoni, mwalimu mkuu Bi Tao akamwomba amtaje mshindi. Mmm! Mmm! Ananinyooshea kidole, machozi yanamtoka. Shen, mnafiki yule, akajitolea kutafsiri: eti mgeni anaomba huyu atolewe nje. Nikatolewa! Nyuma yangu nasikia makofi, Shen anapongezwa.

Ijumaa, 17 Januari
Mkaguzi katoka kwa daktari wa meno. Ya bandia, kumbe. Kaja kusema alichoshindwa kusema juzi: alikuwa amenichagua mimi! Bi Tao kasema pole sana, Shen keshahamia ofisi ya mkuu wa idara na machungwa ya pongezi yameshaliwa. Mawili nilikula mwenyewe. Nimelia chooni. Angalau ni karibu.

Jumamosi, 18 Januari
Kosa nimeligundua. Sukari ilikuwa ngumu mno! Mkaguzi anarudi Sikukuu ya Taa. Safari hii nitampa matonge ya unga wa mchele wa kunata, yenye ufuta ndani, yanatoka jikoni yanachemka. Laini kabisa, hata meno hayahitaji. Anameza tu.