Nguruwe Pori wa Mteremko wa Ruhuwiko

Jumatatu, 7 Juni 1999

Gari limekufa. Mimi mzima. Nimegonga mkaratusi kwenye mteremko wa Ruhuwiko, saa nne asubuhi, mchana kweupe, mti uliopo hapo tangu ukoloni! Ukweli nauandika humu tu: nilizima injini kule juu nisichome petroli bure, gari literemke lenyewe. Katikati nakanyaga breki, kumbe bila injini ni ngumu kama jiwe. Mama yangu!

Pikapu hiyo ndiyo kiinua mgongo changu chote tangu ushirika ulipotupunguza kazi. Nashukuru nilikata bima kubwa kwa ile kampuni mpya mjini. Halafu nikasoma karatasi yao vizuri. Ajali ya uzembe hailipwi.

Aurelia, mke wangu, hakugomba. Kasema tu kwamba msimu wa mahindi ukiisha gari likiwa bado juu ya mawe, anachukua watoto anarudi kwa baba yake, kule Hanga. Heri angegomba.

Jumanne, 8 Juni

Trafiki kaja kuchora ramani ya ajali. Nikamwambia mnyama alikatiza. Nilitaka kusema ng'ombe, nikajing'ata ulimi: ng'ombe ana mwenyewe, na mwenyewe ana mdomo. Nikasema nguruwe pori. Akauliza mkubwa kiasi gani. Nikaonyesha kwa mikono. Akanitazama. Nikapunguza. Akaandika.

Akauliza shahidi je? Nikasema yupo, kabla sijajua ni nani. Jasho, na baridi yote hii ya Juni!

Alhamisi, 10 Juni

Nimempata. Sefu, fundi baiskeli wa pale chini ya mteremko. Mnyamwezi, mtani wangu mimi Mngoni. Aliona kila kitu, na tangu Jumatatu anawasimulia wateja kwamba Mngoni kaoa mkaratusi mke wa pili. Jana kaja kunipa pole, kanywa chai yangu, kadai mlango wa gari kama haki ya mtani msibani. Siwezi kumkasirikia. Mtani ni mtani.

Nikawaza: mdomo huu ukigeuzwa upande wangu, ni mali. Nimemwahidi jogoo na tairi la spea. Kakubali haraka mno, jambo ambalo silipendi. Nimemkaririsha: nguruwe, kushoto kwenda kulia, mwendo wa pole.

Jumapili, 13 Juni

Misa. Padre kahubiri juu ya unyofu. Nani kamwambia? Aurelia kanitazama kwa jicho la pembeni. Sikukomunika.

Jumatano, 16 Juni

Mkaguzi wa bima kafika kutoka Mbeya. Bwana Remmy, mtu mkimya, mwenye kalamu tatu mfukoni. Kazunguka gari, kapiga picha, katafuta alama za tairi za kufunga breki, hakuziona. Akaomba shahidi. Nikamwita Sefu.

Sefu kasema vizuri! Kasema mimi ni dereva mwangalifu kuliko wote Songea, mtu wa sala, mwenye huruma hata kwa wanyama. Nguruwe kamtaja, kushoto kwenda kulia. Nilikaribia kumkumbatia.

Bwana Remmy akamwuliza kabila lake. Akajibu. Akaniuliza langu. Nikasema kwa fahari kubwa, Mngoni. Akafunga kalamu.

"Mama yangu mimi ni Msukuma, utani wenu naujua," akasema. "Mnyamwezi amsifu Mngoni? Tena kwenye ajali? Huyu ameshakula kitu."

Akamgeukia Sefu, akamwomba aseme sasa kama mtani. Weee! Sefu kasema yote. Injini, mteremko, mkaratusi, hadi nilivyopiga yowe nikimwita mama. Kaigiza na sauti. Mkaguzi kacheka mpaka kavua miwani, kisha kaandika kurasa mbili. Na jogoo Sefu kaondoka naye.

Ijumaa, 25 Juni

Barua imefika. Hawalipi. Mstari wa mwisho unasema naweza kukata rufaa ndani ya siku kumi na nne, nikiwa na shahidi mwingine.

Aurelia kaisoma mara mbili, akaanza kukunja nguo za watoto. Nikamfuata chumba hadi chumba. Nimeogopa kweli. Nyumba hii bila hawa ni nini? Nikamwomba wiki mbili tu. Akaniambia, "Baba Violet, ungesema ukweli siku ya kwanza, tungejua pa kuanzia." Nimelia kidogo, jikoni, peke yangu.

Jumamosi, 26 Juni

Nimefikiri sana maneno ya Aurelia, na kosa langu nimeliona. Nilichagua mtani! Mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Shahidi anatakiwa awe mtu asiyetaniwa kabisa. Mkwe! Nani atathubutu kumwuliza Mzee Urbani, baba yake Aurelia, swali mara mbili?

Nimemwandikia ukurasa mzima, shikamoo tatu juu, nikimweleza kwa heshima kwamba siku ile tulikuwa naye garini, kaketi kushoto, na aliyemwona nguruwe kwanza ni yeye. Nimeongeza nguruwe wa pili, ili kuupa ushahidi uzito.

Barua anaipeleka Aurelia mwenyewe. Anaondoka na basi la saa mbili, na watoto na mabegi yote, kwa hiyo itafika Hanga leo leo.