Mlinzi wa Kisiwa cha Watu Mia

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimekufa mara nne kabla ya chai ya saa nne. Mara ya kwanza nilitua juu ya paa nikiwa bado natafuta miwani. Ya pili sisemi.

Lakini mchezo wenyewe, huu wa kwenye simu! Aliyeutengeneza abarikiwe mikono. Watu mia wanarushwa kutoka kwenye ndege, wanatua kisiwani kwa parachuti, wanaokota bunduki majumbani, wanapunguzana mpaka abaki mmoja. Ule wa zamani ulikuwa wa kigeni, unabwata kama mtu mwenye homa. Sasa limetoka toleo la kwetu. Mama anayetangaza anasema lugha yetu, tena kwa upole. Nyumba zina mabati, nondo madirishani, kamba za kuanikia nguo, na nguo zenyewe juu yake. Kituo cha basi kina benchi lililovunjika mguu mmoja. Nililitazama benchi lile mpaka nikapigwa risasi. Sijuti.

Na damu hakuna. Ukipigwa unatoa moshi wa kijani, unapunga mkono, unaondoka kwa adabu. Ukicheza saa mbili mfululizo mama anakwambia upumzishe macho. Nimelinda geti la kiwanda miaka thelathini na mmoja, hakuna meneja aliyewahi kuniambia nipumzishe macho. Walisema kinyume chake, kwa barua.

Kasoro moja tu. Nina miaka sabini na mmoja, na mchezo umeniweka ngazi ya Chipukizi.

Aliyeniingiza humu ni mjukuu wangu, yule muuguzi aliyehamishiwa hospitali ya mbali. Zamani alipiga simu mara moja kwa mwezi: babu hujambo, umekula, haya kwaheri. Sasa tunaongea saa nzima ndani ya mchezo, huku tumejificha. Leo kasema Jumamosi saa kumi alasiri kuna mashindano ya jozi, na jozi ikielewana itacheza pamoja miezi mitatu. Anatafuta mwenzake, lazima awe ngazi ya Fedha, majina yanaandikishwa Ijumaa. Akauliza kama nimefika Fedha. Nikasema nimefika zamani, nikapita, nimerudi tu kuwasalimia.

Akasema basi afadhali, maana alitaka kumwomba Babu Kinyozi.

KINYOZI! Yule wa duka la ng'ambo ya barabara! Miezi mitatu ya sauti ya mjukuu wangu iingie kwenye sikio la Kinyozi! Thubutu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mimi nina taaluma, nitaitumia. Nimeingia nyumba ya kwanza, nimefunga mlango, nimesimama nyuma yake. Lindo kamili. Waje!

Hawakuja. Likaja duara. Kumbe kisiwa kina duara linalosinyaa, na aliyebaki nje linamchoma. Lakini mlinzi hatoki lindoni mpaka mwenzake aje kumpokea zamu. Sikutoka. Nimechomwa nimesimama wima. Nafasi ya sitini na moja. Mlango ule hakuna aliyeupita, hilo liandikwe.

Mke wangu akauliza nilikuwa nalinda nyumba ya nani. Nikamwambia hajui kazi. Akasema hata hii yake ina mlango, na komeo limelegea tangu mwaka juzi. Mwanamke huyu hana uzalendo.

Bado Chipukizi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimegundua kitufe chenye picha ya mdomo. Ukikibonyeza, hata adui aliye karibu anakusikia.

Nilikuwa lindoni, mlango ukafunguliwa, akaingia mtu na bunduki ndefu. Mazoea ya miaka thelathini na mmoja yakanitoka mdomoni. Simama! Wewe nani, na unakwenda kwa nani?

Ikajibu sauti ya kijana: shikamoo babu.

Akasimama pale pale, akasubiri. Nikamwitikia marahaba, nikauliza wa nyumbani hawajambo, akasema hawajambo. Nikauliza anasoma au anafanya kazi. Akasema anajifunza useremala. Nilikuwa namwonya juu ya mbao mbichi wakati mtu wa tatu alipopita dirishani akatuondoa wote wawili. Tukapunga mkono pamoja.

Nimefurahi mpaka machozi. Ule wa kigeni nilikuwa natukanwa kwa lugha nisizozijua. Huu wa kwetu unasalimiwa na adui! Nimemwambia mke wangu nchi bado ina watoto. Akasema komeo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeiwaza ile shikamoo nikiwa bafuni. Kijana aliyefunzwa kwao hawezi kumpiga mzee ambaye hajamwitikia. Anasubiri. Anasubiri kabisa! Siri yote imo kwenye marahaba.

Basi. Simama, wewe nani? Shikamoo babu. Mimi kimya. Nalenga polepole, napandisha miwani puani. Pa! Hapo ndipo ninapoitikia marahaba, wakati anapunga mkono, maana mimi si mtu asiye na adabu.

Kumi na mmoja kabla ya chakula cha mchana! Shaba! Alasiri, Fedha! Jenerali gani aliyewahi kufikiria hivi? Hakuna, maana hawaogi wakiwaza.

Nikavuka barabara kumpasha Kinyozi. Sikukusudia kumfundisha mbinu, lakini ushindi usioelezwa hauna ladha. Nikamwonyesha hatua kwa hatua. Akasema ni aibu, mzee mzima kuvizia salamu za watoto. Mteja wake, kichwa kimenyolewa nusu, naye akasema ni aibu. Sihukumiwi na nusu kichwa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Tumeandikishwa! Mjukuu ameiona ile Fedha, akasema babu, kumbe kweli. Sikulipenda lile kumbe.

Kinyozi amejiandikisha na fundi simu wa mtaa wa pili. Watu wawili waliokosa watu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nina hasira. Naandika hivyo hivyo.

Saa kumi tuliruka. Mjukuu wangu yule! Alinipa kofia yake ya chuma, akatangulia yeye, akanifunga bandeji mara tatu, kila mara akisema pole babu, kana kwamba yuko wodini. Jozi hamsini zikawa ishirini, zikawa tano, zikawa mbili: sisi, na Kinyozi na fundi simu wake. Mjukuu akamwondoa fundi simu kwa risasi moja. Sasa wawili kwa mmoja! Kinyozi kajibanza nyuma ya tangi la maji.

Mara Kinyozi akafungua ile picha ya mdomo. Akaita kwa sauti tamu: mjukuu wangu, ni wewe?

Mtoto, kwa malezi mema, malezi yangu, akatokeza akasema shikamoo babu.

Kimya.

Nikajua. Kabla sijamwambia lala chini, moshi wa kijani. Akapunga mkono.

Damu ikanipanda. Si kwa kumwondoa, vita ni vita. Lakini hakumwitikia! Mimi huwa naitikia, baadaye lakini naitikia. Yeye alikaa kimya tu, anabadilisha risasi. Nilimwona kutoka nilipo, mgongo wake wote wazi, mpana kama mlango wa ghala. Mjukuu anapiga kelele sikioni mwangu: piga babu, piga sasa hivi!

Mambo mengine hayamalizwi kwa bunduki ya kwenye simu. Nikavaa ndala. Nikavuka barabara, simu mkononi, nikaingia dukani kwake. Nikamwambia mbele ya wateja watatu: mtoto wangu amekusalimia. Mwitikie.

Duka zima likamgeukia. Kinyozi akaona haya. Akasogeza simu mdomoni, akasema marahaba mjukuu wangu, ukue. Kwa upole kabisa. Nikaridhika, nikageuka niondoke.

Pa!

Wakati mdomo wake unaitikia, kidole chake kilikuwa kazini. Nimetoa moshi wa kijani nikiwa kwenye kizingiti chake. Nakiri hapa tu, pasipo shahidi: ilikuwa kazi safi.

Nafasi ya pili. Halafu mchezo ukauliza kila mmoja wetu: endelea na mwenzako, au achana? Mwisho wa kujibu kesho saa sita mchana. Mimi nikabonyeza Endelea kabla swali halijaisha. Mjukuu hakubonyeza. Alisema tu ana zamu, akakata.

Sikumaliza chakula.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Saa tano na nusu bado hajajibu. Nilikaa kwenye kigoda karibu na soketi, natazama kioo. Mke wangu hakutaja komeo hata mara moja. Hapo nikaogopa.

Saa sita kasoro dakika kumi mjukuu akapiga. Simu ya kawaida, si ya mchezo. Alianza kwa kucheka, akacheka muda mrefu. Amewasimulia wodi nzima, mgonjwa mmoja amekatazwa kucheka kwa sababu ya nyuzi za upasuaji wake. Akasema mwenzake mwingine yeyote angempiga Kinyozi mgongoni, na wangeshinda. Nikasema ni kweli. Akasema lakini hakuna mwenzake mwingine ambaye angevaa ndala.

Akabonyeza Endelea. Miezi mitatu! Mke wangu alidai ninalia. Ni miwani tu.

Mjukuu akaomba jambo moja. Mashindano ya Jumamosi ijayo nikae ndani, nisiende popote, akisema piga nipige. Nikaahidi. Nikaahidi mara mbili.

Lakini hakusema ndani ya wapi.

Jumamosi saa kumi kasoro dakika tano nitakuwa ndani ya duka la Kinyozi, kwenye kiti chake, simu yangu chini ya kitambaa. Hawezi kumwacha mteja kitini. Mikono yake itakuwa kazini, na mtu wake kule kisiwani atasimama peke yake kama nguzo. Nywele sina tangu nistaafu, kwa hiyo nitaagiza aninyoe ndevu, polepole, kwa wembe. Na mjukuu akisema piga, nampiga hapo hapo, Kinyozi akiona kwa macho yake.

Wembe utakuwa kooni mwangu, ndiyo. Lakini jamani, kati yetu wawili hapo, nani aliye hatarini? Yeye!